Mbona mnaishia kwenye 52 kwa 0?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala fupi iliyotoka kwenye ukurasa wa michezo wa gazeti lako wiki mbili zilizopita. Mwandishi wake, katika kueleza kwa nini nchi yetu haina haja ya kuhangaika na raga ya wanawake, alitolea mfano timu ya taifa ya wanawake ya Kenya ya raga ya wachezaji saba kila upande, ile inayojulikana kama Kenya Lionesses. Alisema kwamba timu hiyo ilikwenda kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa mlango wa nyuma, ikachapwa na New Zealand pointi 52 kwa 0, kisha akaweka nukta na kuhamia kwenye usajili wa Simba na Yanga. Takwimu hiyo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye ile nukta.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Mikindani. Gazeti lako hunifikia mchana, likiwa limeshapita mikononi mwa walimu watatu au wanne ofisini, na ukurasa wa michezo huukata kwa wembe nikaubandika kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya stoo ya vifaa. Siku ile niliubandika bila kuusoma vizuri, na hilo ni kosa langu. Wakati wa mapumziko nikamkuta mwanafunzi wa kidato cha pili amesimama mbele ya ubao, kidole kakiweka juu ya ile 52. Akaniamkia, halafu akaniuliza, "Mwalimu, baada ya hapo wakafanyaje? Walirudi nyumbani?" Nikamwambia hawakurudi, walicheza mechi nyingine nne. Akasema, "Sasa mbona gazeti halijaandika?" Barua hii ni swali la mtoto yule, mimi nimeongeza maneno tu.

Mambo ya Rio yalikwenda hivi. Timu za wanawake zilikuwa 12, zikagawanywa katika makundi matatu, na Kenya ikaangukia kundi moja na New Zealand, Ufaransa na Hispania. Tarehe 6 Agosti ilifungwa na New Zealand hizo 52 kwa 0. Ikafuata Ufaransa, iliyoshinda 40 kwa 7, kisha Hispania, iliyoshinda 19 kwa 10. Mtu akichukua kalamu ya risasi akapiga hesabu ya kutoa, atapata pengo la pointi 52, halafu 33, halafu 9, katika mechi tatu zilizofuatana na kwa kikosi kile kile. Baada ya makundi walikutana na Japani katika kuwania nafasi za chini, wakafungwa 24 kwa 0, jambo ambalo linaharibu kidogo ngazi nzuri niliyoichora sasa hivi, lakini siwezi kulificha wakati nawalalamikia wengine kwa kuficha. Mechi ya tano na ya mwisho waliifunga Kolombia 22 kwa 10, wakamaliza katika nafasi ya 11. Nafasi ya 11 kati ya timu 12 si ya kupigiwa vigelegele, nakubali. Hata hivyo timu iliyofungwa 52 katika mechi ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake, kisha ikashinda mechi ya mwisho ya mashindano hayo hayo, ina habari ndefu kuliko mstari mmoja.

Pengine mwandishi alishtushwa na wingi wa pointi, na hapo simlaumu sana, kwa sababu sisi tuliolelewa na mpira wa miguu tukiona 52 tunaona mabao 52. Raga haihesabiwi hivyo. Trai moja, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ni pointi 5, na mkwaju wa nyongeza unaofuata, ambao katika raga ya saba mpigaji huuachia mpira udondoke na kuupiga pale unapodunda, ni pointi 2. Kwa hiyo 52 ni trai nane na mikwaju sita iliyopita katikati ya nguzo. Trai nane bado ni nyingi, maana mechi yenyewe ni dakika 14 tu, saba kwenda na saba kurudi, na katikati wachezaji hawapati hata muda wa kukaa vizuri. Lakini uwanja ni ule ule wa raga ya watu 15, urefu unaofika mita 100 kutoka mstari wa trai hadi mstari wa trai na upana unaofika mita 70, na ndani yake wamebaki watu 14 badala ya 30. Mkabaji mmoja akipitwa, nyuma yake kuna majani matupu. Akipata kadi ya njano anakaa nje dakika mbili, na dakika mbili katika mchezo wa dakika 14 ni sehemu ya saba ya mechi nzima.

Kuna na kanuni moja ambayo nikiwaeleza wanafunzi wangu huguna. Katika mpira wa miguu aliyefungwa ndiye anayeanzisha kati, kwa hiyo anapata nafasi ya kuvuta pumzi na kuushika mpira yeye kwanza. Katika raga ya saba aliyefunga ndiye anayepiga mpira wa kuanzia. Aliyefungwa anasubiri chini ya mpira unaoshuka kutoka juu, huku wapinzani wanamjia mbio, na akishindwa kuudaka unarudi kwa wale wale waliotoka kumfunga. Trai moja huweza kuzaa ya pili kabla mtu hajajifuta jasho. Timu kubwa hutumia saa nyingi za mazoezi kwa ajili ya mpira huo mmoja tu wa kuanzia, na timu inayokutana nayo kwa mara ya kwanza hujikuta dakika tatu zimepita haijaugusa mpira. Ndivyo 52 inavyopatikana, na ndiyo maana haisemi mengi juu ya moyo wa wachezaji walioipokea.

Isitoshe, New Zealand wale hawakuwa wa kawaida. Mfululizo wa dunia wa raga ya saba ya wanawake ulianza msimu wa 2012–13, na New Zealand ilikuwa miongoni mwa timu za kudumu tangu mwanzo, ikikutana na wakubwa wenzake mara kadhaa kila mwaka, wakati Kenya ilikuwa ikienda kwa kualikwa, mara moja moja. Baada ya raga ya saba kuingizwa kwenye Olimpiki, New Zealand ilikwenda kutafuta wasichana wenye mbio na mikono mizuri katika michezo mingine. Portia Woodman, aliyeongoza kwa trai katika mashindano ya wanawake ya Rio akiwa na trai 10, alitoka kwenye netiboli ya ushindani. Netiboli, ndugu Mhariri, mchezo ambao kila shule ya msingi katika mkoa huu ina nguzo zake, hata kama pete imepinda. Na hao New Zealand, pamoja na yote hayo, walifungwa na Australia 24 kwa 17 katika fainali ya Rio. Sijaona gazeti lililowaambia wakae nyumbani.

Nije kwenye mlango wa nyuma. Mwaka 2015 Afrika Kusini ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Afrika ya kutafuta tiketi ya Rio, na Kenya ikawa ya pili. Kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ndiyo iliyoikataa tiketi hiyo, kwa msimamo wake kwamba kufuzu kupitia bara la Afrika hakutoshi, na nafasi ikaenda kwa aliyefuata. Jambo lile lile likajirudia kwa Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2019 huko Tunisia timu hizo mbili zilikutana katika fainali, Afrika Kusini ikashinda 15 kwa 14, yaani kwa pointi moja, kisha kamati yake ikaikataa tena tiketi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Gaborone, Kenya ilikuwa imeifunga Afrika Kusini 29 kwa 7 katika fainali na kuwa bingwa wa Afrika. Jirani akialikwa karamuni akasema haendi, kisha mwaliko ukaja kwako uliyekuwa wa pili kwenye orodha, kwa tofauti ya pointi moja, huko si kudandia. Mwandishi angeweza kusema kwamba Kenya haikushinda tiketi uwanjani, na angekuwa sahihi. Mlango wa nyuma ni maneno mengine.

Tokyo ndiyo sehemu ambayo makala ile iliiruka kabisa, na ndiyo inayonifanya niandike. Mashindano hayo, yaliyoahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, yalifanyika mwaka 2021, na ratiba, kana kwamba ina ucheshi wake, ikaipangia tena Kenya mechi ya kwanza dhidi ya New Zealand. Safari hii ilikuwa 29 kwa 7. New Zealand walikuwa bora kuliko wale wa Rio, kwa kuwa waliondoka Tokyo na dhahabu, lakini Kenya iliyopata sifuri mwaka 2016 iliwafunga trai, na pengo likashuka kutoka pointi 52 hadi 22. Mechi mbili zilizofuata hazikuwa nzuri: timu ya Urusi, iliyokuwa ikicheza chini ya jina la kamati yake ya Olimpiki, iliwafunga 35 kwa 12, na Uingereza ikawafunga 31 kwa 0 bila kuwaruhusu kugusa chini hata mara moja. Hiyo ya Uingereza ndiyo ambayo mimi ningeichambua kama ningekuwa mkosoaji wao, kwa sababu ilikuwa mechi ya tatu, na kisingizio cha ugeni kilikuwa kimekwisha. Lakini baadaye walikutana na Japani, wale wale waliowafunga 24 kwa 0 Rio, sasa wakiwa kwao nyumbani, na Kenya ikashinda 21 kwa 17. Wakapoteza kwa Kanada 24 kwa 10 wakamaliza nafasi ya 10.

Mwaka 2024 mambo yaligeuka. Afrika Kusini safari hii iliipokea tiketi ya Afrika, iliyoishinda nchini Tunisia mwaka 2023 ikiwa mbele ya Madagaska, ambayo wazee wa pwani hii bado wanaiita Bukini. Kenya haikwenda Paris, na hilo ni doa katika rekodi yake ambalo sitalipaka chokaa. Ila tazama Afrika Kusini ilimaliza wapi Paris: nafasi ya 11. Yaani kiti ambacho Wakenya wanasimangwa kwa kukikalia mara mbili, mwenye kiti alipokuja kukikalia mwenyewe hakukipeleka mbali kuliko wao. Na Fiji, ambayo kila mtu huitaja kama nchi iliyozaliwa na mpira wa raga mkononi, timu yake ya wanawake ilikuwa ya 8 Rio, ikachukua medali ya shaba Tokyo, kisha ikawa ya 12 Paris, ya mwisho kabisa. Gazeti lililochapa matokeo ya Tokyo peke yake lingeiita Fiji malkia, na lililochapa ya Paris peke yake lingeiita aibu, na yote mawili yangekuwa yameandika juu ya timu moja ndani ya miaka mitatu.

Najua mwandishi wenu hakulenga Kenya. Alilenga hapa kwetu, akitumia Kenya kama fimbo. Mwaka 2021 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalipofanyika hapa Mtwara, nilikwenda uwanjani nikiwa na wanafunzi wangu, tukaona netiboli, wavu, mikono, riadha, na raga hatukuiona. Sikushangaa, kwa kuwa mchezo huo kwa Watanzania wengi ni kitu cha Arusha na Dar es Salaam. Nilianza kuwafundisha wasichana wangu kwa kujaribu tu, jioni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga wa ufukweni umekuwa mgumu. Mpira wa raga hatuna. Tunatumia mpira wa miguu wa zamani tulioupunguza upepo mpaka ukashikika kwa mkono mmoja, na mistari tunaichora kwa kisigino.

Ugumu wao haukuwa pale nilipoutarajia. Nilidhani wataogopa kuangushwa. Kumbe mchanga wa Mikindani wameuzoea tangu utotoni, na kuangushana kwao ni kicheko. Kilichowashinda ni kurusha mpira nyuma. Mtoto aliyecheza netiboli tangu darasa la tatu mikono yake inajua mbele tu, na kila alipokimbia na kuona mwenzake yuko huru mbele yake alimpa, na kila alipompa nikapiga filimbi. Mmoja alichoka, akaweka mpira chini, akaniuliza, "Mwalimu, tutafikaje mbele kwa kurusha nyuma?" Nilijaribu kumweleza kwa maneno nikashindwa, mpaka nikawapanga wanne katika mstari wa mshazari, kila mmoja hatua mbili nyuma ya mwenzake, nikawaambia wakimbie na mpira upite kutoka mkono hadi mkono bila kusimama. Mara ya sita au ya saba ulipita wote wanne, na yule wa mwisho akajikuta amevuka mstari peke yake, akageuka nyuma kutafuta mtu wa kumkaba na asimwone.

Alikuja pia mama mmoja, jioni nyingine, kitenge kakifunga kifuani kama mtu aliyetoka moja kwa moja kuokota korosho, akasimama mbali kidogo. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu ameshachezwa unyago, sasa mnamwangusha mchangani na watu wanapita?" Sikumjibu kwa ukali, kwa sababu swali lake lina heshima ndani yake, na mkoa huu unyago si jambo la kufanyiwa mzaha. Nilimwonyesha kwamba wanavaa suruali ndefu za mazoezi, kwamba mkabaji lazima amshike mwenzake chini ya mabega, na kwamba anayekaba shingoni anaadhibiwa. Alikaa akatazama hadi maji yalipoanza kujaa. Hakusema amekubali. Binti yake alikuja tena Alhamisi iliyofuata, na mimi sikuuliza.

Sasa mzazi kama huyu, aliyenipa nusu ya ruhusa, akisomewa na mtu kwamba wanawake wa jirani zetu walikwenda kwenye mchezo huo wakachapwa 52 kwa 0 na habari ikaisha, nusu ile ataichukua. Ndiyo maana nasema nukta ile ina gharama huku kwetu kuliko mwandishi wenu anavyofikiri akiwa mezani kwake. Sikuombi uisifu Kenya. Kama itafungwa, chapa kwamba imefungwa, na kama ilicheza ovyo, mwambie mwandishi aeleze ovyo ule ulitokea wapi, kwenye ukabaji au kwenye mpira wa kuanzia. Ninachoomba ni kwamba timu ya taifa ya wanawake ikicheza mashindano ya siku mbili au tatu, mchape mechi zote, pamoja na zile za kuwania nafasi ya 9 hadi 12, ambazo kwa kawaida huachwa kwa sababu hazina medali. Inatosha hata sanduku dogo lenye mistari mitano, mfano wa lile mnalolitumia kwa msimamo wa Ligi Kuu. Kwa timu za Afrika, mechi hizo za chini ndizo zinazoonyesha kama kuna kitu kimejifunzwa tangu asubuhi ya siku ya kwanza.

Ukurasa wenu wa siku ile sijaubandua. Juzi nilipopita nilikuta mtu ameandika kando ya ile 52 kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa kubanana kama wa daftari la hisabati: 29–7, na chini yake, 21–17.

Mwalimu wa michezo,
Mikindani, Mtwara